Taa Iliyomkonyeza Mayala

Kijiwe cha Igoma, kando ya barabara ya Musoma, kina kiti kimoja cha maana, kile kilichong'olewa kwenye lori la Bedford la kubeba pamba lililofia hapohapo. Asubuhi hiyo alikalishwa Mayala, kama mfiwa. Mbele yake gari lake la mtumba kutoka Japani lilikuwa limefunguliwa boneti. Alilinunua kwa kiinua mgongo, kiwanda cha nguo kilipompunguza, liwe teksi ya kulisha wanawe. Hana kingine. Sasa lilitetemeka, halipandi hata mwinuko mdogo, na taa ya njano kwenye dashibodi haizimiki.

Jairo, anayeitwa Dokta kwa kuwa aliwahi kuuza dawa za ng'ombe, alichomeka kipande cha waya kwenye kijisanduku karibu na injini. Taa ikakonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili.

— Moja, mbili, alisema Dokta. Taa hutaja ugonjwa kwa namba, na hiyo ni ya taimingi, injini kupishana na wakati wake. Binamu yangu yuko gereji Nairobi, ndiye aliyenifundisha.

— Namba za nini? aliguna Mihayo, fundi wao. Wanamwita Sikio, maana injini yeye haipimi, huisikiliza. Gari limekataa petroli yetu, alisema.

— Petroli haikonyezi, Sikio.

— Basi ni joto. Limezoea theluji hilo.

— Mimi naona ni saa, alisema Dokta. Kompyuta yake bado inafuata saa za Japani. Sisi tunakunywa kahawa, lenyewe linajiandaa kulala.

— Kwa hiyo nifanyeje? aliuliza Mayala.

— Livushe ziwa pale Kigongo, alisema Sikio. Lipigwe upepo wa ziwa, lilale ng'ambo Busisi, lizoee.

Wakacheka. Mayala naye akacheka kidogo, kwa adabu tu.

Ndipo akaja mama mmoja, Bernadeta, ametokea Kisesa na mamake mgonjwa na mzigo wa nguo.

— Hamjambo? Teksi hii inafanya kazi? Nampeleka mama hospitali ya Bugando.

— Iko kwenye matibabu, dada, alijibu Dokta.

Bernadeta akachungulia injini.

— Gari hili lilipotoka bandarini Dar, lilikuwa linasumbua nini?

Sikio akajifuta mikono, na wala haikuwa michafu.

Mayala alikuwa amelileta mwenyewe kutoka Dar, vumbi la Singida hadi Shinyanga, halikukohoa. Lakini huku gari jipya halianzi kazi bila kuzoeshwa nchi: fundi hufungua mkanda wa taimingi, akausogeza jino, akasikiliza. Siku lilipoletwa kijiweni, Sikio alisita. Alisema, "Mbona linaimba vizuri, tuliache?" Mayala ndiye aliyesema fungua. Alitaka wapita njia wamkute na boneti wazi, wajue naye ana gari. Tangu hapo ndipo likaanza kutetemeka.

— Sikio, mkanda ulikuwa kwenye jino lipi kabla hujaugusa? aliuliza Mayala.

— Hatukuweka alama, Mayala. Niliusikiliza tu.

Bernadeta alikuwa ameshasimamisha teksi nyingine. Dokta akamwita muuza kahawa, akaambiwa birika limekauka. Mayala akainuka, akachomoa ule waya, akafunga boneti polepole kwa mikono miwili.

— Najuta, jamani, alisema. Lilikuja zima. Nililileta mwenyewe, zima kabisa.