Bibi Mmoja wa Massachusetts

"Eti kitabu hiki kimeandikwa na 'Bibi Mmoja wa Massachusetts'!" Shemasi Thaxter alifoka ndani ya gari la farasi la Worcester. "Bibi gani? Huyu mchungaji mzinzi wa kitabuni ni wetu kabisa, mpaka kikohozi chake!"

"Mzee, kila mji ninakouza wanadai huyo mchungaji ni wao," alijibu mchuuzi wa vitabu. "Kumbe umekisoma chote?"

"Nilikuwa nakichunguza. Nikimjua huyo bibi, kanisani kwetu hakanyagi tena."

"Na mfalme wa Uingereza tulimfukuza ya nini, kama mtu hawezi kuandika atakalo?" mchuuzi aliuliza.

Mehitabel, muumini wa kanisa hilohilo, ndiye aliyekiandika. Alikuwa ameketi mkabala nao, akitazama nje.

Gari liliposimama, shemasi alitangulia kushuka, akamnyooshea mkono amsaidie. Mehitabel alivaa glavu kwanza, kuficha wino vidoleni.

Shemasi akaitazama glavu, kisha akalitazama jua kali la Julai.