Mtoto Hajambo?

Mama Vikombe alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni, anasugua vikombe vya kahawa ya duru ya kwanza, tarishi alipofika na bahasha. Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, limeegemea ukuta wa chumba chake, na watu wake wa kila alasiri walikuwa watatu. Gundi, fundi viatu, hushona huku akibishana. Sindano haikosei, hoja ndizo hukosea. Redio, kinyozi wa kibanda cha pili, wateja wake huondoka na habari nyingi kuliko nywele walizomwachia. Na Mzee Muhuri, karani mstaafu, aligonga mihuri miaka thelathini na moja, na hadi leo hawezi kuweka kikombe chini bila kukigonga. Nyuma ya ukuta huo, ndani ya pazia, alikuwa amelala Binti, mtoto wa pili wa Mama Vikombe: umri miaka tisa, shingo ya mtoto wa miezi mitatu.

– Weka sahihi hapa, alisema tarishi.

– Huoni mikono yangu? Mpe Mzee aniwekee.

– Barua ilikaa kwangu siku tatu nne. Nilikuwa na homa.

– Pole.

– Nimeshapoa, alisema tarishi, akaenda zake.

Mzee Muhuri aliifungua bahasha kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua ya kwake. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya ofisini.

– "Kufuatia uhakiki wa familia zinazolea watoto wenye ulemavu, mtoto aliyetajwa hapo juu ameondolewa katika orodha ya wanaopata msaada, kuanzia tarehe mosi. Sababu: kipengele cha saba, hali ya mtoto kwa sasa. Jibu la mzazi: hajambo."

Mama Vikombe aliacha kusugua.

– Rudia hapo mwisho.

– Hajambo. Wameliandika kwa herufi kubwa.

Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi mwenyewe. Shule ya sekondari aliimaliza, kusoma anajua. Neno lilikuwapo. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mtupu na maelezo: asiyeridhika aandike upya hali ya mtoto hapa, airudishe fomu ndani ya siku saba. Alihesabu tarehe kwa vidole. Siku ya saba ilikuwa kesho.

– Kwani wewe ulisema hajambo? aliuliza Gundi.

– Nilisalimiwa. Ulitaka nijibu nini?

Akaikumbuka Jumanne ile ya uhakiki. Msichana mpole, viatu safi, simu pana mkononi, amesimama mlangoni asitake kukanyaga ndani. Yeye yuko chini anambadilisha Binti nepi. "Shikamoo mama. Mtoto hajambo?" "Marahaba. Hajambo." Msichana akagusa kioo mara moja. Mama Vikombe akadhani anaizima simu ili sasa wazungumze. Wiki nzima alikuwa amejipanga: ataeleza usiku anavyomgeuza, mgongo wake mwenyewe unavyokatika, chakula anavyokiponda. Msichana akaomba alama ya dole gumba lake, akashukuru, akaaga. Kumbe mazungumzo yalikuwa yameshakwisha.

– Barua ni nusu ya kuonana, alisema Mzee Muhuri.

– Basi hao wamemwona nusu, alisema Gundi, na nusu waliyoiona ndiyo nzima.

Redio alicheka, akaona anacheka peke yake, akanywa kahawa.

Wote watatu waliijua ile kadi ya msaada. Ndiyo iliyompa Binti dawa za kifafa, nepi, na mtaalamu wa viungo kila Jumatano. Mwaka juzi dawa zilikosekana siku tatu. Siku ya tatu Binti alishikwa na degedege mara nne, na tangu hapo hakuweza tena kumeza chakula kisichopondwa. Alichokipoteza siku ile hakikurudi. Katika chupa kabatini vilibaki vidonge kumi na viwili, na kwa siku anameza viwili.

– Mimi sishangai, alisema Redio. Ile simu yao nimeambiwa ina maneno mawili tu ya kuchagua. Hajambo na marehemu. Ukikataa la kwanza unapewa la pili.

– Nani kakuambia?

– Mteja.

– Mteja huyo ulimnyoa kichwa au ulimtoa akili?

– Cheka tu. Dalili ya mvua ni mawingu.

– Ofisi haikosei, alisema Mzee Muhuri, na kikombe chake kikagonga ubao. Ofisi hupokea ulichosema. Kuuliza si ujinga.

– Ila kujibu ndio ujinga, alisema Gundi. Mzee, hebu tuambie wewe uliyekula na ofisi sahani moja. Jibu la haki lilikuwa lipi?

– Hawezi. Kiswahili fasaha. Mgonjwa husemwa hawezi.

– Hawezi nini? aliuliza Mama Vikombe.

– Hawezi tu.

– Anaweza. Jana kaning'ata kidole hadi damu. Na si mgonjwa, ndivyo alivyo. Nikiandika hawezi wataniambia nimpeleke hospitali akipona nirudi.

Aliwamiminia duru ya pili. Kikombe cha nne kilikuwa cha fundi saa, ambaye siku hiyo hakuja. Gundi akakivuta kwake.

– Asiyekuwepo na lake halipo, alisema, akanywa.

Redio alisogea katikati ya benchi, dalili kwamba habari kubwa inakuja.

– Nisikilizeni. Hili halikuanza kwa mtoto. Wanataka mwisho wa mwaka watangaze kwamba watu wote wamepona. Kwa hiyo wameajiri wasalimiaji. Hawana sare, hawana kitambulisho. Anapita mtu tu, anakusalimu, ukijibu umekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

– Nguoni mwangu kuna mate ya mtoto tu, alisema Mama Vikombe.

– Mzee, wewe pensheni unapata kwa sababu ya goti, au si kweli?

– Goti na uzee.

– Na leo asubuhi, pale kwenye bomba, yule kijana mwenye begi alikuuliza nini?

Mzee Muhuri alifikiri. Kikombe kikabaki hewani.

– Aliniuliza, mzee hujambo.

– Ukasema?

– Nikasema… sijambo.

– Inna lillahi, alisema Gundi. Goti limepona.

– Kijana yule alikuwa anauza soksi, alisema Mzee Muhuri, lakini sauti ya ofisini ilikuwa imepungua. Akalipapasa goti lake kana kwamba linaweza kuwa limepona kweli bila yeye kuarifiwa.

– Basi tuazimie, alisema Gundi. Kuanzia sasa kona hii hakuna kujibu hajambo. Mtu akitusalimu, kimya. Hadi hili la Binti litengenezwe.

Walikubaliana. Mama jirani akapita na ndoo kichwani, akasema hamjambo wazee. Wanaume watatu wakaangalia miguu yao. Mama jirani akasimama, akawatazama mmoja mmoja, akasema leo hiyo kahawa imewekwa nini, akaondoka.

– Zamani watoto kama hawa walikuwa wanafichwa ndani, Mzee Muhuri aliendelea ili kuondoa aibu. Angalau sasa wanaandikishwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Methali ilitoka mdomoni kabla hajaiangalia. Gundi aliacha kushona. Nyuma ya pazia Binti alitoa ile sauti yake ya kuamka, na Mama Vikombe akaingia. Benchi likasikia akimgeuza, akimpigapiga mgongo, akimpangusa. Walikuwa wamekaa hatua tatu kutoka kwa mtoto huyo kila siku kwa miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita pazia lile.

Aliporudi nje, mgeni alikuwa amesimama mbele ya benchi. Mwanamke kijana, vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni.

– Hamjambo wazee?

Kimya.

– Hamjambo?

Redio alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mgeni akamgeukia Mama Vikombe, aliyekuwa akifuta mikono.

– Samahani dada. Nimeelekezwa hapa. Wanasema kuna mama anayeijua ile fomu ya watoto.

– Karibu, ndiye mimi. Keti. Mtoto hajambo?

– Hajambo, tunashukuru.

Kichwa cha mtoto kilianguka nyuma, nje ya mbeleko, kikaning'inia. Mgeni hakugeuka kutazama. Alipeleka mkono nyuma, akakirudisha mahali pake kama mtu anayerudisha kamba ya begi begani. Mkono ule Mama Vikombe aliujua. Aliuona, kisha akasikia alichouliza yeye mwenyewe, na alichojibiwa.

Gundi alikuwa na uzi mdomoni na hakuutoa.

– Mbona mnaniangalia hivyo? aliuliza mgeni. Nimesema vibaya?

Mzee Muhuri akamsomea barua. Hakutumia sauti ya ofisini. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, mkono wake umeshikilia kichwa cha mtoto.

– Sasa mwenye mtoto kama huyu, alisema, mtu akimuuliza hajambo, anatakiwa ajibuje?

Alikuwa anauliza kweli. Aliwatazama mmoja mmoja akisubiri, maana walionekana watu wazima wanaojua mambo. Gundi alitafuta methali, akakosa hata ya kukosea. Mzee Muhuri alitazama ule mstari mmoja mtupu chini ya barua.

Mama Vikombe aliinamisha birika ampe mgeni kahawa. Yalitoka machicha.

– Imekwisha, alisema.

Gundi akakunja vifaa vyake. Redio akasema kuna kichwa kinamsubiri, ingawa hakikuwapo. Mzee Muhuri alichelewa kuinuka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya goti.

– Niandikie basi, Mama Vikombe alimwambia. Wewe una mwandiko. Andika tangu nilipoamka leo hadi sasa nimemfanyia nini.

– Mstari ni mmoja.

– Utapindukia nyuma ya karatasi.

– Fomu iliyoandikwa nje ya mstari hurudishwa, alisema Mzee Muhuri. Nilikuwa nazirudisha mimi. Wengine walikuwa wamejaza hadi pembeni, hadi juu ya jina. Sikuzisoma, mwanangu. Nilikuwa naangalia mstari tu.

Mama Vikombe hakumlaumu. Hakumfariji pia. Alikusanya vikombe vinne, akakiona cha fundi saa, kitupu, kando ya alipokuwa ameketi Gundi.

– Asiyekuwepo na lake halipo, alisema.

– Nini?

– Gundi alisema. Siandiki kitu. Kesho nambeba Binti hadi pale mezani kwao. Wamsalimu mwenyewe.

– Binti hasemi.

– Ndiyo. Wamuulize hujambo, wasubiri jibu. Mimi nitakaa kimya.

– Ofisi iko ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na mbili, nimezipanda miaka yote.

– Na Binti ni mzito, alisema Mama Vikombe.

– Wanaweza wakasema tu arudi nyumbani, barua itafuata.

– Wanaweza.

Mgeni aliinuka, akakaza mbeleko.

– Saa ngapi? aliuliza. Wa kwangu bado mwepesi. Tutapokezana.

Wakapatana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapo kwenye benchi. Mzee Muhuri alisema atakuja kuwaonyesha mlango. Halafu akatazama ngazi hamsini na mbili ndani ya kichwa chake, akasema atawaonyesha ule wa chini.

Jua lilipotua sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Wali na maharage, na bakuli moja la vilivyopondwa na kuchujwa. Fomu ilikuwa juu ya kabati na mstari wake mtupu, imewekewa chupa ya dawa isipeperuke. Kidonge cha jioni kilikuwa kimetoka. Vilibaki kumi na kimoja. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, ameegemeza mgongo ukutani. Mtoto wa kwanza alipanga sahani. Kitinda mimba alinawa kidole kimoja kimoja kwa uvivu. Binti alikuwa amepakatwa na mama yake, kichwa kimekaa kwenye kiwiko, mdomo wazi anasubiri kijiko.

Baba yao, fundi rangi, aliingia na madoa meupe hadi kwenye kope. Akavua viatu mlangoni.

– Hamjambo humu ndani?

Kitinda mimba alitaka kujibu, akamtazama mama, akasubiri. Mama mkwe, ambaye mchana kutwa alisikia yote kupitia pazia, naye akasubiri.

Mama Vikombe alihesabu sahani, kisha akahesabu vichwa. Mama mkwe, mume, mkubwa, mdogo, Binti, yeye.

– Tupo, alisema. Wote sita. Nawa mikono, chakula kinapoa.