Bango la Mfagia Wezi

Mzee Nestor, aliyefundisha uraia miaka thelathini, alijizuia kuongea siasa tangu jipni, basi dogo la abiria, ilipotoka mtaa wa Tondo, lakini mama wa mbele yake alikuwa akijipepea kwa kadibodi yenye sura ya mgombea.

"Huyo naye atafagia wezi wote, mama?"

"Atawafagia. Anakula kwa mkono kama sisi."

"Mbele ya kamera. Yule aliyepita si alikula hivyo hivyo? Alikuletea nini?"

"Paa. Bango lake nimeezekea jiko, mwaka wa sita huu halivuji."

"Kwa hiyo huyu unampa kura kwa lipi?"

"Bango lake kubwa zaidi, mzee wangu." Akagonga dari, jipni ikasimama, akateremka mvuani.

Nestor, ambaye jikoni kwake panavuja tangu Juni, alitoa kichwa dirishani. "Mama, hayo mabango wanayagawa wapi?"