Panzi wa Bi Mwanaarabu

Mimi niliyekunywa kahawa Maskati, Jidda na Bombay, hata nikaitwa Pasipoti, nilishindwa kutofautisha mikebe miwili. Ilikuwa baada ya alasiri, katika daka, baraza ya mlangoni kwa marehemu Adnan fundi saa, ambako kijiwe chetu hukaa. Nikamnyoshea mgeni wetu mkebe: "Karibu halua ya Amu, Mwalimu Patroba." Akaufungua. Panzi wakaruka. Mmoja akaangukia kikombe chake, mwengine akashika ndevu za Hashim, tunayemwita Nahodha kwa kuwa hutapika hata akivuka kwenda Mokowe. Fuad, aliyepewa jina la Daktari kwa sababu aliwahi kulazwa, alicheka mpaka akakohoa.

— Pasipoti, ipo siku utatulisha nyoka.

— Niwie radhi, Mwalimu, nikasema. Hao ni wa kinyonga.

— Kinyonga gani?

Nikashusha sauti. Kinyonga wa Adnan, aliyekuwa akizungumza naye huku akifungua saa za watu. Mjane wake, Bi Mwanaarabu, yuko edani nyuma ya mlango huu tunaouegemea, na hatoki. Sisi hushika panzi, hubisha hodi, humpa mkebe kwenye upenyo, naye hutuuliza habari za mji. Wiki jana alisema miguu ya kinyonga imelegea, haishiki kijiti. Na nyumba nzima, hicho ndicho kitu pekee chenye pumzi alichoachiwa.

— Ni hasadi, akasema Hashim. Mtu wa Faza aliisifu rangi yake bila kusema mashallah.

— Ni msiba, akasema Fuad. Ukifiwa, magoti ndiyo hutangulia. Mimi nilipofiwa na mama nilitambaa.

— Maskati, nikasema, nilimwona kinyonga mmoja akinyweshwa maziwa ya ngamia. Akawa apanda ngazi za hoteli, akifika juu ageuka rangi ya zulia.

— Basi tumvushe huko, akasema Hashim.

— Umvushe wewe, Nahodha? akasema Fuad. Mutafika nyote mumelegea.

Patroba alikuwa bado akimtoa panzi kikombeni kwa kidole.

— Na hawa panzi, mnawalisha nini?

— Panzi ndio chakula, Mwalimu, akasema Fuad.

— Sawa. Lakini wenyewe wanakula nini?

Nikachungulia mkebeni. Tangu jana walikuwa ndani ya mkebe mtupu. Ndipo nikamkumbuka Adnan, akiwalaza panzi wake juu ya mchicha na unga wa mfupa wa ngisi, akisema kinyonga hula kile alichokula panzi. Tulimcheka. Ule unga tulidhani ni dawa ya mgongo wake. Kumbe siku zote hizi tumempelekea mjane maganda yenye mabawa.

Hashim akainuka.

— Naenda sokoni, mchicha haujesha. Fuad, tafuta ngisi.

Mlango ukafunguka kidogo.

— Hashim, keti, akasema Bi Mwanaarabu. Kinyonga alikufa Ijumaa. Nalinyamaa, kwani mungejua, hamungebisha hodi tena.