Mama Klementina Aliyekataa Kufunga Pazia

Tarehe 30 Juni, Mama Klementina Sikazwe anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika Ukumbi wa Mwangaza, hapa Sumbawanga. Alitoka Msanzi, akaajiriwa kufagia na kupanga viti. Mwaka 2006, kwaya za mjini zilipoanza kutuletea opera, hadithi nzima inaimbwa mwanzo hadi mwisho, akakabidhiwa kamba ya pazia. Hapo ndipo opera ilipomkamata, na haijamwachia.

Opera zote hizo amezitazama kutoka nyuma ya jukwaa, kwa hiyo waimbaji anawajua kwa migongo. Mabega yakipanda, anaguna. Mbavu zikitanuka kama mivukuto ya mhunzi, anatabasamu kabla sauti haijatoka. Flavian, mwimbaji wetu wa sauti ya besi kutoka Mollo, hathubutu kushika soda baridi mbele yake. Atapewa uji wa ulezi, na ataumaliza.

Lakini Septemba iliyopita! Kabula Shija, binti wa wafugaji wa Muze, alikuwa mhusika mkuu kwa mara ya kwanza. Kwenye wimbo wa mwisho, mama anapomuaga mwanawe, sauti ikakatika. Watu wakaanza kukohoa. Mwongozaji, Mwalimu Theodory, akanong'ona kwa ukali, "Mama, funga! Mtoto anaaibika!"

Mama Klementina akaibana kamba kwa mikono miwili. "Sifungi, Mwalimu. Anavuta pumzi."

Ni yeye tu aliyekuwa anaziona mbavu za Kabula. Mimi, msaidizi wake wa pazia, nilihesabu kimoyomoyo mpaka saba. Kisha sauti ikatoka, jamani, mpaka mabati yakaitikia! Vigelegele, watu juu ya viti, na mimi na Debora wangu mgongoni tunalia wote wawili, yeye kwa kushtuka, mimi kwa raha. Siku hiyo Mwalimu Theodory alimpa Mama shikamoo mara mbili.

Jumamosi tarehe 27 Kabula anaimba tena. Safari hii Mama atakaa kiti cha mbele kabisa, azione nyuso. Kamba nimeachiwa mimi.

Asante, Mama, kwa uji, kwa kunishikia mtoto nilipozidiwa, na kwa kutufundisha kumngoja mwimbaji. Tunakutakia mapumziko yenye afya, na nyimbo tele masikioni.

Ila Jumamosi, tafadhali, kaa. Usije huku nyuma hata kuchungulia. Nikikuona umenyanyuka, nitashuka nikurudishe kitini mwenyewe, na mtoto mgongoni.