Watoto wa Meja Athanasi Luambano

Baba Paroko, ndugu, majirani na askari mliotoka mbali, Tumsifu Yesu Kristo. Historia hii inasomwa na Romanus, mdogo wa marehemu, fundi redio wa hapa mjini Songea, kwa kuwa ndivyo ukoo ulivyoamua.

Marehemu Athanasi Valence Luambano alizaliwa Matogoro tarehe 14 Machi 1963, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo, akasoma shule ya msingi hapo hapo Matogoro mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari mjini hadi 1981, na katika miaka hiyo yeye na Romanus walifungua redio ya baba yao wakashindwa kuifunga, wakachapwa wote wawili, lakini aliyepelekwa Dar es Salaam kusomea ufundi alikuwa mmoja, Romanus akabaki na bisibisi.

Mwaka 1985 aliingia jeshini, akawa mhandisi wa rada, mtambo unaoitambua ndege kabla jicho halijaiona, akaitunza mitambo hiyo hadi alipostaafu mwaka 2018 akiwa na cheo cha meja. Romanus alipomuuliza habari za kazi, alijibiwa kwamba ni redio tu, ila kubwa kidogo, watu wakacheka, Romanus naye akacheka huku moyo unamuuma.

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa takatifu na Theodosia, Mungu akawajalia Saimon na Dorine, ambao mambo ya waya hawakuyapenda kabisa. Aliyeyapenda ni Violeth, binti wa Romanus, aliyejifunza kuchomelea waya za redio kwenye meza ya baba yake sokoni, akaenda likizo kwa baba yake mkubwa mwaka 2007, akaomba asome huko huko, na leo naye ni mhandisi wa rada. Krismasi ya mwaka 2009 aliingia hapa nyumbani akiita Baba, Romanus akainuka kuitika, kumbe anaitwa Athanasi, na kwa miaka minne Romanus hakuketi tena meza moja na kaka yake.

Novemba 2023 marehemu alianza kuugua figo. Akiwa kitandani alimwomba Romanus kwamba siku ya kusoma historia yake Violeth atajwe kama mmoja wa watoto wake yeye Athanasi, Romanus akakataa, akamwambia kwamba shule alipata yeye, cheo alipata yeye, basi angalau mtoto amwachie. Hawakurudia tena mazungumzo hayo. Alifariki tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa amepokea mpako wa wagonjwa.

Marehemu ameacha mjane na watoto. Violeth ndiye aliyeichapa karatasi hii, akaandika majina mawili, lake hakuliweka wala hakumwomba baba yake aliweke, na asubuhi hii Romanus ameliongeza kwa kalamu: Saimon, Dorine na Violeth. Wivu haujamtoka, mwombeeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Matogoro, wanajumuiya, na wenzake wa kazini waliolibeba jeneza.

Kaka Athanasi, jina limesomwa. Pumzika kwa amani ya Kristo.