Kompyuta Juani: Mwalimu Kokushubila Anatuaga

Ijumaa, 27 Juni 2025. Asubuhi kuna mawingu mepesi na upepo wa baridi hapa shuleni kwetu Bunju. Jumatatu ijayo, tarehe 30, Mwalimu Kokushubila Revelian anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Fizikia, mingi kati ya hiyo akiwa nasi.

Wanafunzi wake ni wengi, lakini wageni humkumbuka kwa kompyuta zake: zile ndogo za plastiki ya kijani zenye mkono wa kubebea, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule na kuachwa zilipopitwa na wakati. Alizitafuta kuanzia Temeke hadi Pugu, akazitengeneza, akazifundishia. Kila Ijumaa alizitoa stoo chache chache na kuzianika kwenye ungo, unyevu usiziharibu. Mzazi mmoja aliwahi kusimama getini akauliza, "Mwalimu, hao dagaa wa kijani fungu unauzaje?"

Mwezi Aprili, Mkuu wa Shule, Mwalimu Badru, aliagiza stoo iwe tupu ifikapo mwisho wa Juni, igeuzwe chumba cha mitihani. Nyumbani kwa Mwalimu, Segerea, hakuna nafasi. Kompyuta zingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakulalamika, aliomba tu awaoneshe wanafunzi kwa mara ya mwisho.

Wiki iliyopita Gibson, mhudumu wetu mpya, alikuta nusu ziko juani. Akachukua zilizobaki, akazisugua kwa sabuni ya unga na kuzisuuza bombani.

"Niliona umeosha nusu, Mwalimu, nikakumalizia."

Mwalimu aliketi kwenye ngazi. Kisha akacheka mpaka machozi. "Haya baba, katafute nyungo zingine."

Mama lishe walitoa za kwao. Tukazigeuza kompyuta kwa zamu, na Mkuu wa Shule akachukua zamu ya mchana, jua kali. Jana tuliziwasha. Tatu zimegoma. Ya mikononi mwa Mwalimu Badru ilipowaka, aliitazama kitambo. "Hii nimeianika mwenyewe, haiendi kwenye chuma chakavu. Mitihani tutafanyia bwaloni."

Ufunguo wa stoo atabaki nao Gibson, aliyeapa kutogusa sabuni.

Mwalimu, asante kwa yote. Umetuambia kwamba jana ulilala saa mbili usiku, mara ya kwanza kulala mapema hivyo tangu Aprili. Tunakuombea usingizi wa namna hiyo miaka yote ijayo.